Grafu ya Uwiano Kinyume na Muhali wa Sifuri

Ni wachache miongoni mwa waliosoma hesabu katika shule za Afrika ya Mashariki ambao hawakukutana na wale vibarua wasiokuwa na majina, ambao sita wao hulima shamba kwa siku kumi, na ambao mwalimu hutaka kujua wangalikuwa kumi na wawili wangalimaliza kazi kwa siku ngapi. Jawabu lake, siku tano, mtoto mwerevu hulitamka kabla swali halijamalizika kusomwa; lakini mtoto huyo huyo, akisha kukua na kuingia sekondari, akaandikiwa ubaoni y = 60/x na kuamriwa aichore grafu yake, aghalabu huikodolea macho asijue aanzie wapi, ilhali shamba ni lile lile na vibarua ni wale wale, ila wamenyang'anywa majembe.

Kanuni hii, ambayo wataalamu huihesabu katika jamii ya fanksheni za kinyume, ni katika kanuni fupi kabisa za aljebra, wala haihitaji maarifa yanayozidi kugawanya. Hata hivyo nadai kwamba ndiyo ya kwanza, katika masomo ya sekondari, kumtaka mwanafunzi aache kuzitegemea nukta. Mstari ulionyoka hukamilika kwa nukta mbili na rula, na hata lile tao la x² hujitokeza lenyewe ukisha kupata nukta saba au nane. Bali grafu ya kinyume, mambo yake makubwa yote yako mahali ambapo hapana nukta yoyote, na asiyeyatambua hayo kwa akili kabla ya kushika kalamu atachora kitu kisichokuwapo.

Kinyume cha namba ni ile namba ambayo ikizidishwa na mwenziwe huzaa 1: kinyume cha 5 ni 1/5, cha 2/3 ni 3/2, na cha 1/8 ni 8. Namba 1 na −1 kila mojawapo ni kinyume cha nafsi yake, na sifuri haina kinyume kabisa, jambo ambalo tutalirejea kwa urefu. Waliosoma ilimu ya mirathi katika vyuo vya mwambao wameizoea tabia ya sehemu hizi tangu ujana wao, kwani hujua kwamba mjane ambaye marehemu mumewe hakuacha mtoto hupata robo, na kama aliacha mtoto hupata thumni, wala hawadanganyiki kwa kuiona 8 kuwa kubwa kuliko 4 wakadhani kwamba thumni yaizidi robo. Fauka ya hayo, wajane wakiwa zaidi ya mmoja thumni haiongezeki, bali huigawana: wakiwa wawili kila mmoja hupata 1/16, wakiwa watatu 1/24, wakiwa wanne 1/32, na hapo hesabu husimama kwa amri ya sharia, si kwa amri ya hisabati. Huo ndio uwiano kinyume: kitu kimoja kikizidishwa mara mbili, cha pili hugawanyika kwa mbili, na zao la viwili hivyo halibadiliki.

Njia ninayoipendelea ya kuiingia grafu yenyewe ni ya handasa. Fikiri kiwanja chenye pembe nne za mraba, ambacho eneo lake limewekwa kuwa pima 12 za mraba, lisipungue wala lisizidi, lakini mwenyewe ana hiari ya kukirefusha na kukikondesha apendavyo. Urefu ukiwa pima 1, upana ni 12; urefu ukiwa 2, upana ni 6; kisha 3 kwa 4, 4 kwa 3, 6 kwa 2, na 12 kwa 1. Sasa kilete kiwanja hicho kwenye karatasi ya grafu, pembe yake moja uikaze kwenye kitovu, yaani pale mihimili miwili inapokatana, na pande zake mbili zilale juu ya mihimili hiyo, kisha uitazame ile pembe ya nne iliyo mkabala na kitovu. Kila umbo la kiwanja huipeleka pembe hiyo mahali pengine, na njia yote inayopitiwa na pembe hiyo ndiyo grafu ya y = 12/x.

Naipenda picha hii kuliko jedwali kwa sababu inayajibu maswali ambayo jedwali huyanyamazia. Kwa nini grafu haiigusi mihimili? Kwa kuwa kuugusa mhimili ni kiwanja kukosa upana au kukosa urefu, na kiwanja cha namna hiyo eneo lake ni sifuri, si 12. Hiyo ndiyo burhani yote, wala haihitaji neno la pili. Kwa nini ukiikunja karatasi juu ya mstari wa y = x upande mmoja wa grafu unaulalia mwingine sawasawa? Kwa kuwa kiwanja cha 3 kwa 4 ndicho kile kile cha 4 kwa 3, kimegeuzwa tu. Na nukta iliyo karibu kabisa na kitovu ni ipi? Ni pale kiwanja kinapokuwa mraba kamili, kila ubavu ukiwa kipeuo cha pili cha 12, yaani takriban 3.46, huko kwingine kote, kadiri kiwanja kinavyorefuka, ndivyo pembe yake inavyokwenda mbali.

Nukta hizo sita zikisha kuwekwa, kuna wanaoziunganisha kwa rula, kipande baada ya kipande, nao wanakosea kwa namna inayoweza kupimwa. Baina ya (1, 12) na (2, 6) rula ingesema kwamba x ikiwa 1.5, y ni 9, hali 12 kugawanywa kwa 1.5 ni 8. Baina ya (6, 2) na (12, 1) rula ingetoa 1.5 penye x = 9, na ukweli ni 1.33. Rula hukosea daima kwa kuzidisha, kwa sababu upande huu grafu imebonyea kuelekea kitovu, na mkono wa mchoraji sharti upinde pamoja nayo.

Mpaka hapa tumekuwa katika robo moja tu ya karatasi, ile ya juu kulia, ambayo ndiyo robo ya mashamba, wajane na vibarua, kwani vitu hivyo havihesabiki kwa namba hasi. Lakini aljebra haina haja na majembe, na inaturuhusu kuuliza x ikiwa −1 itakuwaje. Jawabu ni −12. Kwa −2 ni −6, kwa −3 ni −4, na kadhalika, hata likatokea tawi la pili katika robo ya chini kushoto, lililo sawa na la kwanza kwa kila hali, ila limepinduliwa kupitia kitovu. Grafu moja, matawi mawili yasiyoonana: ndilo jambo ambalo wanafunzi hulikataa moyoni hata wanapolikubali kwa kalamu, kwa kuwa grafu zote walizozichora kabla ya siku hiyo zilikuwa kitu kimoja kisichokatika.

Kwa hiyo hutokea kosa ambalo kila msahihishaji wa mitihani ameliona. Mwanafunzi hupanga jedwali lake kutoka −12 hadi 12, akifika kwenye sifuri huandika sifuri chini yake, ama kwa haraka ama kwa kudhani kwamba kitu kisichokuwa na jawabu jawabu lake ni sifuri. Kisha huishusha kalamu kutoka (1, 12), akapitisha kwenye kitovu, akaifikisha (−1, −12), na grafu yake ikawa na mteremko mkali katikati ambao kanuni haiujui. Kumwambia kwamba kugawanya kwa sifuri kumekatazwa hakumsaidii, kwa sababu katazo humfanya adhani kuwa kuna jawabu ambalo walimu wamelificha. La, hapana katazo. Ni muhali tu. Kusema 12/0 ni namba fulani ni kusema kwamba namba hiyo ikizidishwa na 0 itazaa 12, na hapana namba yoyote, ndogo wala kubwa, inayozidishwa na 0 ikazaa chochote isipokuwa 0.

Wala asijione mjinga aliyekwama hapo, maana wamekwama humo wakubwa. Brahmagupta, mwanafalaki wa Bara Hindi aliyeandika mwaka 628, alisema kwamba sifuri kugawanywa kwa sifuri ni sifuri, kauli ambayo leo hapana anayeikubali. Bhaskara, naye wa huko huko katika karne ya 12, aliona kwamba sehemu ambayo asili yake ni sifuri ni kiasi kisicho na mwisho. Mwingereza John Wallis, aliyeipa hisabati alama ya ∞, akaenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1656: aliona kwamba 1 ikigawanywa kwa 3, kisha kwa 2, kisha kwa 1, kisha kwa 0, jawabu linapanda daima, na kwa kuwa namba hasi zinafuata chini ya sifuri, akakata shauri kwamba 1 kugawanywa kwa namba hasi sharti iwe kubwa kuliko hata hicho kisicho na mwisho. Hoja hiyo ina mantiki yake, nami huiheshimu, lakini grafu inaivunja kwa mtazamo mmoja. Ukikijongelea kitovu kutoka kulia, x ikiwa 1/2, 1/10, 1/1000, y ni 24, 120, 12,000, inapanda; ukikijongelea kutoka kushoto, y ni −24, −120, −12,000, inashuka. Basi hata tukitaka kuipa sifuri jawabu la ukarimu, upande mmoja unatuvuta juu na mwingine unatuvuta chini, wala hapana mahali pa kupatanisha.

Mihimili miwili ambayo matawi haya huikaribia daima bila kuifikia huitwa asimptoti, na habari zake ni za kale kuliko aljebra yenyewe. Apollonius wa Perga, Myunani aliyeishi yapata miaka 200 kabla ya Isa, alikusanya katika vitabu vinane ilimu ya mistari inayopatikana kwa kuikata koni kwa ubapa, na mmojawapo wa mistari hiyo ni haipabola, ambayo grafu yetu ni namna yake moja, ile ambayo asimptoti zake zinakatana kwa pembe mraba. Katika kitabu cha pili alithibitisha kwamba haipabola na asimptoti yake zinakaribiana hata umbali baina yao ukapungua kuliko kiasi chochote utakachokitaja, na hazikutani abadan. Vitabu vinne vya kwanza vimetufikia kwa Kiyunani. Cha tano, cha sita na cha saba vimenusurika kwa Kiarabu tu, kwa juhudi za wana watatu wa Musa bin Shakir huko Baghdad katika karne ya 9, na kwa kalamu ya mfasiri wao Thabit bin Qurra. Cha nane kimepotea. Kwa mistari hiyo hiyo Omar Khayyam, katika karne ya 11, alitatua milinganyo ya kipeo cha tatu, kwa kutazama haipabola inapokatana na tao lingine, ingawa yeye hakuwa na karatasi ya grafu wala mihimili ya x na y. Mihimili hiyo ilingoja hadi miaka ya 1630, pale Wafaransa Pierre de Fermat na René Descartes walipoifunganisha milinganyo na mistari, ndipo ikajulikana kuwa lile zao lisilobadilika na ile koni iliyokatwa ni jambo moja.

Aliyelitumia jambo hili la mistari inayokaribiana bila kukutana kwa namna inayonipendeza kuliko wote hakuwa mwanahisabati. Musa bin Maimun, tabibu na mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyezaliwa Cordoba na kufariki Misri mwaka 1204, ambaye Wazungu humwita Maimonides, alikileta kisa cha mistari miwili isiyokutana katika kitabu chake Dalalat al-Ha'irin, alichokiandika kwa Kiarabu, ili kuonyesha kwamba uwezo wa kujenga taswira moyoni ni kitu kimoja na akili ni kitu kingine. Taswira, asema, haiwezi kabisa kuiona mistari miwili ambayo kila hatua huikaribisha na haifikiani. Akili hulithibitisha jambo hilo kwa burhani, na likisha kuthibitishwa halina shaka tena. Laiti kila mwalimu angeanza somo la asimptoti kwa hoja hii! Maana kalamu yenyewe ni upande wa taswira: ncha yake ina unene, na ukiivuta grafu hadi pembezoni mwa karatasi, utaona kwa macho yako kwamba imeugusa mhimili. Anayeamini macho atasema imegusa. Anayekumbuka kiwanja cha pima 12 atajua kwamba ni wino tu uliogusa. Na kwa hisabati tupu, vibarua 6,000 watalimaliza lile shamba la awali kwa muda usiotimia robo saa, na vibarua 60,000 kwa muda mfupi zaidi, lakini hapana idadi yao itakayoufanya muda uwe sifuri. Mwenye kuyajua mashamba atasema kwamba kabla ya hapo watakuwa wanakanyagana, naye amesema kweli, ila hilo ni jambo la shamba.

Katika nafasi ile inayokondeana baina ya grafu na mhimili kuna maajabu ambayo nitayapitia upesi. Padri Grégoire de Saint-Vincent, wa Shirika la Yesu, alionyesha mwaka 1647 kwamba eneo lililo chini ya haipabola kutoka 1 hadi 2 ni sawa na lile la kutoka 2 hadi 4, au 10 hadi 20, au 100 hadi 200. Na kwa kuwa kila ukizidisha masafa mara mbili unapata fungu lile lile, eneo zima halina mwisho. Miaka miwili baadaye padri mwenziwe, Alphonse Antonio de Sarasa, akaona kwamba maeneo hayo yanakwenda kama logi zinavyokwenda. Mwitaliano Evangelista Torricelli, katika miaka hiyo hiyo ya 1640, aliizungusha haipabola kuuzunguka mhimili wake, akapata umbo lenye urefu usiokoma na ujazo unaokoma: kwa y = 1/x, kuanzia x = 1, ujazo huo ni π, yaani takriban 3.14. Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Kiingereza, hakukubali kwamba mtu mwenye akili timamu aweza kuliamini jambo hilo. Lakini hesabu ya Torricelli ni sahihi, na leo hufanywa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Turudi kwenye mambo ya barabarani, ambako grafu hii ina nasaha kwa madereva. Tuseme safari ni ya kilomita 120, na muda wake kwa saa ni 120 kugawanywa kwa mwendo. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa safari ni saa 6. Ukiongeza 20, ukawa 40, ni saa 3, umeokoa saa 3 nzima. Kutoka 40 hadi 60 umeokoa saa moja. Kutoka 60 hadi 80, nusu saa. Kutoka 80 hadi 100, dakika 18. Na yule anayetoka 100 akafika 120, akayahatarisha maisha ya abiria wote, ameokoa dakika 12. Mwinuko wa grafu karibu na mhimili wa wima ni mkali, na kadiri unavyokwenda kulia unalala, hata nyongeza ile ile iliyonunua saa tatu haiwezi tena kununua robo saa. Kwa sababu hiyo hiyo anayekwenda kwa 40 na kurudi kwa 60 hakusafiri kwa wastani wa 50: amekwenda kwa saa 3, amerudi kwa saa 2, kilomita 240 kwa saa 5, na wastani wake ni 48. Saa nyingi zaidi amezitumia katika mwendo mdogo, na mwendo mdogo ndio uliouvuta wastani chini.

Katika mitihani swali haliji kwa sura hii tupu ya y = 12/x. Namba ya juu ikizidi, 12 ikawa 30, matawi husogea mbali na kitovu. Ikiwa hasi, yanahamia robo ya juu kushoto na ya chini kulia. Hayo ni mepesi. Kinachowashinda wengi ni sura kama y = (2x + 1)/(x − 1), ambayo mwanafunzi wa nukta huivamia kwa jedwali refu akapotea. Afadhali agawanye kwanza: 2x + 1 ni 2(x − 1) na 3 iliyobaki, basi kanuni yote ni y = 2 + 3/(x − 1), na hapo uso wake umefunuka, kwani ni grafu ya 3/x iliyosogezwa hatua 1 kulia na kupandishwa hatua 2. Asimptoti nazo zimesogea pamoja nayo, moja ikasimama penye x = 1, ambapo asili ingekuwa sifuri, na nyingine ikalala penye y = 2. Hizo ndizo za kuchorwa mwanzo, kwa mistari ya mkatomkato, kabla ya nukta hata moja. Kisha itafutwe mahali grafu inapoikata mihimili: x ikiwa 0, y ni −1, na y haiwi 0 mpaka kiasi, 2x + 1, kiwe 0, yaani x iwe −1/2. Nukta hizo mbili ziko chini, kushoto kwa makutano ya asimptoti, kwa hiyo tawi moja limejulikana lilipo, na la pili sharti liwe mkabala nalo. Wala hulazimiki kulihesabia upya, kwa sababu kila nukta ina mwenziwe upande wa pili wa (1, 2): mwenziwe (0, −1) ni (2, 5), na mwenziwe (−2, 1) ni (4, 3). Weka hizo, upinde mkono, na kazi imekwisha kwa dakika tatu.

Mwenye kutaka kuendelea aweza kuchukua grafu yoyote na kuchora kinyume chake kwa kanuni ile ile. Chukua x² − 4. Penye 2 na −2 yenyewe ni sifuri, basi hapo kinyume chake kinasimamisha asimptoti mbili za wima; pale yenyewe inapokuwa 1 au −1 hakibadiliki; na pale inaposhuka kabisa, −4 katika x = 0, kinyume chake ni −1/4, ambacho ndicho kilele cha tawi la katikati. Badala ya hiyo ukichukua x² + 4, isiyofikia sifuri popote, kinyume chake hakikatiki mahali popote, maana palipokosekana sifuri hapana cha kuikata grafu.

Limebaki swali la upande wa pili: ukipewa vipimo vya kweli, si kanuni, utajuaje kwamba vinafuata uwiano kinyume? Mistari inayoshuka ikijipinda ni mingi, na jicho halina uwezo wa kuitenga. Mwaka 1662 Robert Boyle alichapisha vipimo vya hewa aliyoifungia katika mrija wa kioo uliopindwa, ambao upande wake mmoja ulizibwa na wa pili ukamiminwa zebaki, ili aone hewa inavyopungua ujazo kadiri kanieneo inavyozidi. Hakuchora grafu, aliandika jedwali. Hewa ilipojaza alama 48 za mrija, kanieneo ilikuwa inchi 29 na 2/16 za zebaki. Ilipobanwa hadi alama 24, ikawa inchi 58 na 13/16. Na kwenye alama 12, inchi 117 na 9/16. Zidisha kila ujazo kwa kanieneo yake, na mazao ni 1,398, kisha 1,411.5, kisha 1,410.75: tafauti haitimii moja katika mia, nayo kwa mrija uliopindwa kwa mkono ni ndogo mno. Njia ya pili, ninayowahimiza wanafunzi wa fizikia waifuate, ni kuacha kuchora kanieneo juu ya ujazo, na kuichora juu ya kinyume cha ujazo, yaani 1/48, 1/24 na 1/12. Lile tao lililokuwa likitilisha shaka hunyooka, nukta zikajipanga katika mstari ambao rula yaweza kuuhukumu, mstari unaoelekea kitovu bila kukengeuka. Na mteremko wake, takriban 1,400, ndilo lile zao lisilobadilika.